Kwa Nini Kilima Kizima ni Lefevu

Kaeni vizuri. Na wewe Eufrasia uliyeolewa juzi tu, sogea karibu, maana swali ni lako. Jana tulipomzika yule kijana aliyeshushwa kwenye lori akitetemeka kwa homa, akafa kabla hajatutajia kwao, ulisimama pembeni ukausoma msalaba, kisha ukamnong'oneza mumeo: "Huyu naye ni Lefevu? Si mmesema hamumjui?" Nilisikia. Magoti ndiyo yameniacha, masikio bado ninayo. Na ulishtuka zaidi mchimbaji wetu Venansi alipolishika jembe akasema kwa sauti, "Amekubali," halafu akainama akasema neno jingine ambalo hukulisikia. Mumeo hakukujibu kwa sababu hajui. Vijana wa hapa wanalibeba jina hili shuleni na hospitalini, wakiitwa wanaitika, basi.

Ni kweli linachekesha. Ukisimama sokoni kwetu ukaita Lefevu, atageuka muuza dagaa, atageuka mwenye bodaboda, atageuka katekista pamoja na walevi anaowakemea. Jina la Kifaransa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona Ufaransa. Karani mmoja wa sensa alidhani tunamfanyia mzaha, akafunga mkoba wake kwa hasira, ikabidi akina mama wambembeleze kwa uji. Lakini mimi Skolastika nitawaambia lilivyokuja, kama nilivyoambiwa na bibi yangu, ambaye hakuwa mtu wa kutia chumvi. Mkimaliza kucheka mniambie nianze.

Basi kulikuwa na wakati kilima hiki hakina mtu, na nchi yote ya chini ilikuwa ya Wakalenge. Wakati huo hakuna aliyekuwa na jina la kuandika nyuma ya jina lake. Mtu alijulikana kwa jembe. Kila ukoo ulikuwa na jembe moja la kaburi, na jembe hilo halikulima mtama wala karanga. Liling'inizwa ukutani nyumbani kwa mkubwa wa ukoo, juu ya meko, likapigwa na moshi mpaka likawa jeusi. Akifa mtu lilishushwa, na watu wote wa ukoo ule wakalishika kwa zamu, kila mmoja akakata udongo. Hata mtoto mchanga alishikizwa mpini, akasaidiwa kugusa ardhi.

Hapo ndipo ilipojulikana nani ni wa nani. Mwanamke alipoolewa alilishika jembe la akina mumewe mbele ya mashahidi, na hiyo ndiyo iliyokuwa ndoa yenyewe. Ukishalishika jembe la watu umekuwa wao, na lile la kwenu hulishiki tena, hata afe aliyekuzaa.

Asiye na jembe hakuzikwa. Alifungwa kamba miguuni akaburutwa hadi porini, fisi wakamalizia. Msidhani Wakalenge walikuwa watu wabaya. Waliogopa. Waliamini kwamba ukimchimbia mfu asiye wako, umekiambia kifo kwamba yule ni ndugu yako, nacho kitakufuata nyumbani kuwachukua waliobaki. Na desturi hiyo haikuwa yao peke yao. Ilikuwa ya nchi zote za pande mbili za ziwa, ndiyo maana wote nitakaowataja waliijua tangu wakinyonya.

Kisha ikaja miaka ya misafara. Watu walikamatwa mashambani, wakavishwa pete za chuma shingoni, wakaunganishwa kwa mnyororo mmoja na kuswagwa kuelekea pwani. Mapadri wa Kifaransa walifika huku wakati huo. Walimwomba mtemi wa Wakalenge awape kilima hiki, naye akawapa bila kusitasita kwa kuwa kilikuwa mawe matupu. Wakawaweka hapa watu waliowatoa kwenye minyororo. Huyu alitoka kusini, yule alitoka ng'ambo ya ziwa, wengi wao walichukuliwa wadogo mno hata hawakumbuki ukoo. Wakalenge waliwauzia unga na kutaniana nao njiani, lakini wakiwazungumzia waliwaita watu wasio na jembe.

Miongoni mwa wale Wafaransa alikuwamo mmoja ambaye hakuwa padre. Huyo ndiye Bruda Lefevu, mhunzi. Alikuwa na mabega mapana, ndevu zilizoungua ncha kwa cheche, na hasira za karibu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, nacho alikitumia zaidi kufokea watu waliomzibia mwanga. Lakini ni yeye aliyekuwa akizikata zile pete. Mtu alilaza shingo juu ya fuawe, lile pande la kupondea chuma, Bruda akaweka kitambaa kilicholowana kati ya chuma na ngozi, akapiga taratibu, na jasho lilimtoka yeye zaidi ya yule aliyelala. Pete zenyewe hakuzitupa. Alizirundika nyuma ya banda lake.

Siku moja walimuuliza jina lake maana yake nini. Akasema kwa lugha ya zamani ya kwao ni mhunzi tu. Babu wa mababu zake alipiga chuma, watu wakamwita kwa kazi yake, jina likaganda kwa watoto wake hata wasioijua nyundo. Na kwa kuwa kila kijiji cha kwao kilikuwa na mhunzi wake, jina lilizuka kila mahali, likawa la maelfu ya watu.

"Na hao wote ni ndugu zako?" aliuliza Feruzi, mzee aliyebeba pembe za ndovu ujana wake wote mpaka mgongo ukapinda.

"Hata mmoja," Bruda akajibu.

Walicheka wee! Jina moja, watu chungu nzima, na hakuna ndugu hata wa dawa! Feruzi alisema huko Ufaransa fisi lazima wawe wanene. Bruda hakuelewa kilichowachekesha, akawafukuza bandani.

Sasa kulikuwa na msichana mmoja hapa kilimani, Kalunde. Alichukuliwa kwenye shamba la ufuta akiwa tayari na akili zake, na alikumbuka kila kitu. Alikumbuka mama yake, Nyanzobe, akijitupa ndani ya korongo na kumpigia kelele akimbie, naye akakimbilia upande usiofaa. Alikumbuka jembe la kwao, lililokuwa na pengo pembeni, na mpini uliosokotewa ngozi ya kenge. Mapadri walitaka kumbatiza Magdalena, akawaambia asante, jina analo. Vijana walimposa akawakatalia, wazuri kwa wabaya. Akiolewa angelishika jembe la watu wengine, au kilimani hapa asishike lolote, na yeye alikuwa anaitunza mikono yake. Kila jioni alikaa kwenye jiwe lile pale chini, mnaloanikia mihogo, akaitazama njia.

"Mama atakuja," alimwambia yeyote aliyemuuliza. "Akija anikute mimi ni wake."

Watu walimwona amepungukiwa. Bruda peke yake hakumcheka. Alikuwa akipita pale akienda kisimani, anasimama kidogo, anaitazama njia naye, kisha anaendelea na safari yake bila neno. Kalunde alimpenda kwa hilo kuliko kwa shingo aliyomfungulia.

Mwaka uliofuata ikaja ndui. Padre mmoja alikuwa pwani kupokea mizigo, mwingine akafa mwanzoni kabisa. Wakalenge walitupa miiba kwenye njia zote na kuweka walinzi kijitoni. Hapa juu watu walianza kufa nyumba kwa nyumba. Na hapo ndipo watu wetu walipofanya kosa, na ninalisema wazi kwa sababu ni wetu. Hakuna aliyekubali kumchimbia mwenzake. Walikuwa wametolewa kwenye mnyororo mmoja, wamekula chungu kimoja, lakini kila mmoja alisema moyoni, huyu si wa kwetu, nikimchimbia kifo kitanihesabu. Wakasimama mbali na maiti wakishika tama.

Bruda Lefevu alipoona hivyo, alizikusanya zile pete za shingoni, akaziyeyusha, akafua jembe. Akachimba. Alimzika padre, akamzika mke wa Feruzi, akawazika watoto ambao hawakuwa wametimiza umri wa kusema majina yao. Alichimba peke yake kuanzia umande mpaka jua linazama, na watu walimwangalia. Walijipa moyo kwamba mzungu hana mila, kifo hakimjui, yeye anaweza. Hata Kalunde alikaa kwenye jiwe lake. Aliyasikia mapigo ya lile jembe, akaficha mikono kwapani.

Basi kifo kikamjua. Walimkuta amelala bandani, uso umevimba, jembe amelilaza ubavuni. Alifariki alfajiri. Mpaka jua linatoka hakuna aliyevuka kizingiti chake, na kunguru walishaanza kukaa juu ya paa.

Ndipo mzee Kasonso, aliyekuwa mwangalizi wa makaburi ya Wakalenge, alipopanda hadi kijitoni na wapiga mishale wake. Hakuwa na ukali. Alisimama ng'ambo ya maji akapaza sauti.

"Ninyi wa juu! Tumesikia mchimbaji wenu amekufa. Mtemi anasema hivi: mfu wa ndui haburutwi porini, fisi watautawanya ugonjwa, na akioza juu ya nchi hii mvua itatukimbia sote. Jua likizama hajazikwa, tutakichoma kilima, na kila kilichomo."

"Wamo wagonjwa!" Feruzi alilia. "Wamo watoto!"

"Najua," Kasonso akasema. "Basi azikwe. Nani ni wake?"

Kasonso akauliza tena, nani ni wake, na watu wakatazamana, kila mmoja akimtafuta mwingine wa kusema. Ukitaka kujua aibu ilivyo, mimi nadhani ndiyo ile. Mtu aliyewafungua shingo na kuwafukia watoto wao, ameulizwa ndugu zake, na kilima kizima kimekuwa bubu.

Kalunde aliinuka kwenye jiwe. Alitembea mpaka bandani, akaingia, akatoka na lile jembe. Feruzi alimkimbilia akamshika nguo.

"Mjukuu wangu, fikiri. Ukilishika hilo mbele ya shahidi, mama yako akija hana mtoto."

"Najua, babu."

"Umemngoja miaka yote hii!"

"Najua," alisema Kalunde, na machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi. "Naye huyu alikuwa akimngoja pamoja nami."

Akaenda mahali penye udongo, akageukia kijitoni, akasema kwa sauti ambayo wale wa ng'ambo waliisikia: "Mimi ni wa Lefevu." Akapiga jembe ardhini.

Alichimba mpaka mikono ikatoka malengelenge. Kisha Feruzi akaja, akalipokea, akasema yeye naye ni wa Lefevu, akakata udongo kwa ule mgongo wake uliopinda. Akaja mwanamke mmoja aliyezikiwa watoto wake na Bruda, akasema hivyo hivyo. Wakaja wengine. Wagonjwa walioweza kutambaa walitambaa, wakashikizwa mpini. Jua lilipogusa vilima, kaburi lilikuwa limefunikwa, na Kasonso akawageukia watu wake akatamka kama sheria ilivyotaka: kilima kina ukoo, na ukoo una jembe. Wakashuka na mienge yao bila kuiwasha.

Hivyo ndivyo jina lilivyozaliwa. Mkiniacha niishie hapo mtakwenda kulala mmefurahi, na wengi wanaosimulia huishia hapo. Lakini mwanzo si kuenea. Siku ile walioshika walikuwa watu wachache tu waliobakizwa na ndui. Wangeweza kufa na jina lao likazikwa nao. Sikilizeni lilivyoenea.

Ndui ilipita. Mvua zikanyesha, watu wakapanda, padre mwingine akaja. Kalunde alipika, alilima, alicheka hata na wenzake. Ila jioni miguu yake ilimpeleka kwenye lile jiwe kwa mazoea, akaitazama njia, na sasa aliitazama kwa hofu. Aliomba asije mtu.

Akaja. Ilikuwa wakati wa kuvuna ufuta. Mwanamke mkavu kama kuni, ana vidonda miguuni, amejifunga mgongoni kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye mkeka, namna ya kubeba mtoto. Alikuwa akiuliza kijiji kwa kijiji habari za msichana mwenye kovu chini ya kidevu. Kalunde alimtambua kwa mwendo kabla hajauona uso. Walikumbatiana pale chini, wakaanguka wote wawili, wakalia mpaka watu waliokuwa mashambani wakaja mbio wakidhani kuna msiba.

Nyanzobe alipopata pumzi alifungua mkeka. Ndani mlikuwa na jembe lenye pengo pembeni, mpini umesokotewa ngozi ya kenge.

"Wamekwisha wote, mwanangu," alisema. "Misafara iliwachukua nusu, ndui ikachukua nusu. Baba yako nilimchimbia peke yangu. Tumebaki mimi na wewe. Nimekuletea jembe lako, ili nikifa unizike, na wewe ukizaa ulitundike ukutani."

Akamwekea mikononi. Kalunde hakuifumba mikono yake. Jembe likateleza, likaanguka kwenye mawe kati yao.

Nyanzobe alilitazama jembe, akamtazama mtoto, na kwa kuwa alikuwa mtu wa nchi hii hakuhitaji kuelezwa. Aliuliza jambo moja tu. "La nani?"

"La Bruda, mama. Mzungu aliyenitoa chuma shingoni. Hakuwa na mtu."

"Na mimi nina nani?" Nyanzobe akauliza.

Hakupiga kelele, na bibi yangu alisema afadhali angepiga. Alipewa nyumba, akapewa maji ya moto ya miguu yake, akala kidogo. Aliishi, lakini nguvu zilizomleta zilikuwa za kufika tu, si za kukaa. Kalunde alimwogesha na kumlisha kama mtoto. Alimsihi alishike jembe la akina Lefevu, wawe pamoja tena, azikwe na mkono wa mwanawe. Feruzi alikuwapo siku aliyojibu.

"Mwanangu, nimeipita nchi nzima na jembe la baba yako mgongoni. Sikuja kufa nikiwa mtu wa mzungu nisiyemwona hata kivuli. Nikifa nitupeni. Porini nitakuwa bado wa kwetu."

Alikataa hivyo mara ya kwanza, akakataa tena walipomrudia, na hakubadili neno mpaka mwisho. Alikufa mchana, watu wako shambani, kichwa chake kiko mapajani mwa Kalunde.

Kasonso aliletewa habari, akapanda. Aliliona jembe la kenge limeegemezwa ukutani, akauliza nani ni wa jembe hilo. Hakuna. Sheria ilikuwa wazi: mwenye jembe lake hazikwi na jembe la wengine, isipokuwa kama yeye mwenyewe alitamka kwa kinywa chake kwamba amekubali kuhama. Asipotamka, ni kamba na pori.

"Alitamka?" Kasonso akauliza.

Kalunde alikuwa amepiga magoti kando ya mama yake. Alijua mama yake alitaka nini, hakuna aliyejua zaidi. Na alijua pia fisi wanafanya nini, maana alitembea na msafara, aliwaona wakiwafuata wale waliofunguliwa kwenye mnyororo kwa kuwa hawawezi tena kutembea. Kisha akainua uso.

"Amekubali," alisema.

"Nani mwingine aliyesikia?"

Feruzi akasogea mbele. Mzee yule hakuwa mwongo. "Nilisikia," akasema. "Amekubali."

Wakaapa wote wawili juu ya lile jembe la pete. Kasonso aliwatazama, na bibi yangu alisema yule mzee hakudanganyika hata kidogo, ila alikuwa na mama yeye pia. Akageuka akashuka.

Kalunde alimchimbia mama yake. Jembe la kenge alilichukua kwa kulizungushia mkeka, ngozi yake isiguse mpini, akalilaza kaburini kifuani pa Nyanzobe, na ukoo ule ukaishia pale. Kabla hajapiga udongo wa kwanza, alisema tena kwa sauti, ili watu wote wasikie, "Amekubali." Kisha akainama mpaka paji la uso likagusa ardhi, akasema polepole, "Nisamehe, mama." Hilo ndilo neno alilosema Venansi jana. Husemwa chini kwa sababu si letu wenye masikio.

Walipomaliza, Kalunde aliwakusanya watu. Alikuwa msichana, lakini siku hiyo hakuna aliyemwona msichana. Akawaambia kwamba amemwibia mama yake jina, na kwamba hatajisamehe, lakini hataki mtu mwingine yeyote aliwe na fisi kwenye njia hii wakati yeye ana jembe. Atakayefia hapa hana mtu, ataitwa Lefevu, asiulizwe. Hata akiwa na jina lake kubwa, hata kama angekataa. Uongo ule ataubeba yeye, na wakimfuata wataubeba naye.

Walimfuata. Njia hii ilikuwa ya misafara, na msafara ulitupa watu. Walizikwa kilimani, wote Lefevu. Watoto waliookotwa vichakani wakivuta nguo za mama zao waliokufa walizikiwa mama zao, wakakua Lefevu, wakazaa. Ikaja vita ya wazungu na wapagazi wao, ikaja njaa, wakaja wakimbizi kutoka ng'ambo ya ziwa na vifurushi vyao. Wajane wao wakabaki karibu na makaburi, mayatima wao wakaolewa hapa. Kule Ufaransa jina lilizagaa kwa sababu kila kijiji kilikuwa na moto wa mhunzi. Kwetu lilizagaa kwa makaburi. Kalunde mwenyewe aliolewa baadaye, akazeeka, na bibi yangu alimwona akiwa kikongwe, bado anakaa kwenye lile jiwe jioni.

Na tangu alipoifunika mchanga ile ngozi ya kenge, hatumuulizi maiti kwao wapi kabla ya kumchimbia. Mwenye kupiga udongo wa kwanza anasema amekubali, anainama, anaomba msamaha. Wakalenge nao waliisahau sheria yao zamani, wanazikwa na yeyote aliye na nguvu, lakini sisi hatujaacha. Ndiyo maana kilima kizima ni Lefevu, waliolala wengi kuliko walio macho.

Yule kijana wa jana, Eufrasia, ana mama. Sijui yuko wapi. Labda leo anapiga simu isiyopokelewa, labda kesho atapanda gari kuanza kuuliza. Akifika hapa tutamwonyesha kaburi, atausoma msalaba, na atatuuliza kwa hasira tumempata wapi huyo Lefevu. Nitakuwa na aibu. Huwa nina aibu kila mara wanapokuja, na huwa wanakuja.

Haya, mmesikia. Jembe liko nyuma ya mlango wangu. Mpini umebadilishwa mara nyingi, chuma ni kile kile cha shingo za watu, na bado kina udongo wa jana. Kwa desturi, anayelisafisha ni bibi harusi mpya wa ukoo, na akishaligusa ni wetu. Sikuharakishi. Chukua simu kwanza, toka nje, mpigie mama yako.